Ardhi Ikitetemeka: Msaada ni Amana



Katika somo lililopita tulijifunza amri inayokataza wizi. Nilipouliza, “Mwizi ni nani?” wengi mlijibu kwamba mwizi ni mtu aingiaye usiku katika shamba la mwenzake na kung’oa mihogo. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Uko wizi mwingine unaofanyika mchana, mbele ya watu wote, na mwenye kuufanya pengine husifiwa kuwa mkarimu. Ni wizi wa mali iliyotolewa kwa ajili ya watu wenye shida.

Leo tutautazama wizi huo, pamoja na dawa yake, kwa kufuata habari za matetemeko ya ardhi katika nchi yetu na nchi jirani. Katika msiba wa namna hiyo mambo mawili huonekana wazi: mapendo ya kweli, na tamaa iliyojificha.

Neno la kushika ni hili: Kitu kilichotolewa kwa ajili ya mwenye shida ni mali yake tangu saa kilipotolewa. Anayekishika njiani ni mchukuzi tu.

I. KWA NINI ARDHI HUTETEMEKA

Sisi tukaao Nzilo na vijiji vya upande wa Kolwezi tunaujua mtikisiko wa baruti. Machimboni wakipasua mwamba, vikombe hulia mezani, na mara nyingine ukuta hupata ufa. Walakini mtikisiko huo ni kazi ya watu. Hupita upesi wala hauendi mbali.

Tetemeko la ardhi ni jambo jingine. Wataalamu wanatufundisha kwamba gamba la dunia si jiwe moja zima. Limegawanyika vipande vikubwa sana, navyo husogea polepole. Katika nchi zetu mwendo wake ni milimita chache tu kwa mwaka. Mahali vipande vinapoachana, mwamba hukaza kama kamba inayovutwa na watu wawili. Miaka hupita, watu hulima na kuoa na kuzika, wala hawaoni neno. Siku nguvu ikizidi, mwamba hukatika, na mtikisiko hukimbia pande zote.

Mashariki ya nchi yetu uko ufa mkubwa wa namna hiyo. Unapita katika maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la watu wa mbali. Mto wetu Lualaba, ukiisha kutoka katika bwawa la Nzilo na kupita makorongo yake, hushuka hata Bukama na kuingia katika bonde la Upemba, lenye maziwa na samaki wengi. Bonde hilo nalo ni tawi la ufa ule.

Mwezi wa Septemba 1992 tetemeko lilibomoa nyumba na kuua watu upande wa Kabalo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko kubwa, la kipimo cha 6.8, lilitokea katika ziwa Tanganyika, na nyumba zikaanguka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, watu wengi wakiwa kanisani, ardhi ilitetemeka kando ya ziwa Kivu. Mji wa Bukavu uliumia, na upande wa Rwanda watu zaidi ya 30 walikufa, baadhi yao chini ya kuta za kanisa walimokuwa wakisali.

Angalieni sasa jambo moja kubwa. Tetemeko lenyewe haliui watu wengi. Linaloua ni nyumba. Mtu akiwa katikati ya shamba lake la mahindi, ardhi itamwangusha chini, naye atainuka na kupangusa mavumbi. Lakini aliyelala ndani ya nyumba ya matofali mabichi, yasiyoshikwa na kitu ila udongo, ataangukiwa na ukuta wake mwenyewe. Tajiri ana saruji na vyuma ndani ya ukuta. Maskini ana udongo na mikono yake. Ndiyo maana tetemeko moja hupita juu ya watu wote, lakini hulia zaidi katika nyumba za maskini.

II. JE, NI ADHABU YA MUNGU?

Baada ya msiba mkubwa watu hutafuta mkosaji. Wengine husema, “Watu wa mji ule walikuwa waovu, Mungu amewapiga.” Wengine hunong’ona jina la bibi kizee akaaye peke yake mwisho wa kijiji, na kusema kwamba ni yeye aliyeleta shida kwa uchawi wake. Maneno yote mawili ni ya uongo, tena ni ya hatari.

Someni Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13. Mnara wa Siloamu ulianguka na kuua watu kumi na wanane. Bwana wetu aliwauliza wasikilizaji wake kama walidhani watu wale walikuwa na deni la dhambi kuliko wakaaji wengine wote wa Yerusalemu. Yeye mwenyewe alijibu kwamba sivyo. Kisha aliwageukia walio hai, akawataka watubu. Basi msiba wa jirani haukupewa sisi ili tumpimie dhambi zake. Umewekwa mbele yetu ili tupime mapendo yetu.

Na yule bibi kizee? Ukuta wake nao umeanguka. Hana mtoto wa kumtolea maji. Badala ya kumnong’ona, mchukulieni fito na nyasi. Mtu anayemshitaki maskini kwa uchawi siku ya msiba humwangusha mara ya pili, na safari hii si mwamba uliomwangusha, bali ulimi.

III. SAA ZA KWANZA NI ZA JIRANI

Watu wengi wakisikia neno “msaada” hufikiri juu ya gari kubwa lenye bendera na alama mlangoni. Magari hayo hufika, nasi tunashukuru. Lakini hufika baada ya siku mbili, tatu, au zaidi. Na kijiji kikiwa mbali na barabara, au daraja likiwa limekatika, hufika kwa kuchelewa zaidi. Mtu aliyefukiwa chini ya matofali hawezi kungoja gari. Mahali pote palipotokea matetemeko, wengi wa watu waliotolewa wazima walitolewa na jirani zao, kwa mikono, kwa majembe na kwa ngazi za mbao.

Kwa hiyo kila mkatekumeni ashike mambo haya:

Kwanza. Ardhi ikianza kutetemeka nawe uko nje, kaa nje, mbali na kuta na miti mikubwa. Ukiwa ndani na mlango uko mbali, ingia chini ya meza imara, ufunike kichwa kwa mikono. Watu wakikimbilia mlango mmoja kwa fujo hukanyagana.

Pili. Mtikisiko ukiisha, tokeni wote, wala msirudi ndani kuchukua godoro au sufuria. Tetemeko kubwa hufuatwa na madogo, na ukuta uliopasuka mara ya kwanza huanguka mara ya pili. Tena zimeni moto wa jikoni.

Tatu. Hesabuni watu nyumba kwa nyumba. Nani alikuwa ndani? Nani alikwenda ziwani kuvua? Iteni kwa majina, kisha nyamazeni wote na kusikiliza, maana sauti ya aliyefukiwa ni ndogo.

Nne. Mwenye kuvunjika mfupa asivutwe ovyo. Fungeni mguu kwa vipande vya mti, mchukueni juu ya mlango au ubao hata zahanati.

Tano. Tunzeni maji. Hapa nataka mnisikilize sana. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliangamiza sehemu kubwa ya nchi ya Haiti, na watu wa dunia nzima walikimbilia kuwasaidia. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kipindupindu kilianza huko. Uchafu ulikuwa umetoka katika kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa na kuingia mtoni, na ugonjwa uliua watu karibu 10,000. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa wenyewe ulikiri kwamba ulikuwa na sehemu katika jambo lile. Mnaona? Hata aliyekuja kusaidia aweza kuleta kifo, asipochimba choo chake mbali na maji. Nasi tunakijua kipindupindu katika maziwa ya Upemba na huko Kalemie. Basi choo kiwe mbali na mto na kisima, na maji ya kunywa yachemshwe.

IV. MAMBO YALIYOTOKEA KAGERA

Sasa tutoke Kongo kidogo, twende Tanzania, maana huko wenzetu walipata msiba ambao una mafundisho mengi juu ya namna ya kutoa na kugawa.

Mkoa wa Kagera uko kaskazini-magharibi ya Tanzania, kando ya ziwa Viktoria. Watu wake wengi ni wakulima wa ndizi na kahawa. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi za alasiri, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakaumia. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na nyingine maelfu zikapasuka hata wenyewe wakaogopa kulala ndani. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Usiku ule familia nyingi zililala nje migombani.

Watu walionyesha mapendo. Msalaba Mwekundu ulipeleka watu wake na vifaa. Serikali ya Tanzania iliweka mfuko wa maafa, na wananchi, wafanyabiashara na wanadini wakatoa. Serikali za Kenya na Uganda nazo zilitoa msaada, kama jirani anavyomletea jirani moto.

Walakini kabla mwezi haujaisha, habari ya uchungu ilisikika. Viongozi wawili wa serikali waliondolewa kazini kwa tuhuma ya kufungua akaunti nyingine katika benki, yenye jina linalofanana na lile la mfuko wa maafa. Kuhukumu watu ni kazi ya mahakama, si kazi ya somo letu. Sisi tutazame tu jinsi tuhuma yenyewe ilivyowaumiza watu. Mama aliyetoa shilingi zake mahali fulani mbali alijiuliza, “Je, zimefika?” Na aliyelala chini ya turubai alijiuliza, “Je, zimekuja, na ziko wapi?” Hivyo mashaka yaliwapiga wote wawili, mtoaji na mpokeaji.

Jambo jingine likafuata. Mwezi wa Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Kagera, akawaambia watu kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Kazi yake itakuwa kutengeneza vitu vya wote, kama shule, hospitali na barabara. Wengi walihuzunika, kwa kuwa walikuwa wakingoja mabati na saruji kwa nyumba zao. Tuseme kwa haki: kujenga shule iliyoanguka ni kazi njema, nayo huwafaa watoto wa maskini. Tena hakuna serikali yenye mali isiyo na mwisho. Lakini mtu aliyengoja miezi minne kitu kisichokuja amepoteza miezi minne. Laiti angalijua tangu siku ya kwanza, angalianza kufyatua matofali yake mapema. Basi fundisho ni hili: anayekusanya msaada aseme wazi tangu mwanzo ni wa nani na ni wa kazi gani, na neno likibadilika, awaambie watu siku ile ile.

V. MSAADA NI AMANA

Kanisa lilijifunza jambo hili mapema sana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 11, tunasoma kwamba njaa ilipotabiriwa, wanafunzi wa Antiokia walikata shauri kuwapelekea msaada ndugu wakaao Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Mtakatifu Paulo naye alikusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Lakini angalieni busara yake. Katika waraka wa pili kwa Wakorinto, sura ya 8, anaeleza kwamba hakutaka kuibeba fedha ile peke yake. Alipeleka Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kuwalaumu. Paulo alikuwa Mtume! Ni nani angalimshuku? Naye hakusema, “Niaminini tu.” Alitaka mambo yawe safi mbele ya Mungu, na mbele ya watu pia.

Mimi mwalimu wenu sikuwa na busara hiyo, nami nitawaambia habari yangu ili mpate faida.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa moto Nyiragongo ulipasuka karibu na Goma. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi sana, nyumba zikabomoka, na watu mamia ya elfu wakaukimbia mji. Hapa kwetu tulihurumia. Watu walileta unga meka kwa meka, samaki wakavu, maharagwe, na franka kidogo kidogo. Waliniambia, “Mwalimu, tunza wewe.” Nikaweka vyakula katika chumba cha shule, na fedha katika kopo nyumbani kwangu. Sikuandika daftari. Nilijiambia, “Nitakumbuka.”

Juma lile mtoto wangu alishikwa na homa. Mshahara ulikuwa haujafika. Nikafungua kopo, nikatoa franka 15,000 za dawa, nikisema moyoni, “Ninakopa, nitarudisha kabla ya Jumapili.” Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Jumapili ilifika, nami sikuwa nimerudisha.

Baada ya sala mjane mmoja mzee aliinuka. Yeye alikuwa ameleta meka moja ya unga na noti moja iliyokunjwa. Alisema kwa upole, “Mwalimu, tusomee hesabu, tufurahi pamoja.” Hakunishuku hata kidogo. Alitaka kufurahi tu. Nami nilisimama mbele ya watu, ulimi ukawa mzito kama jiwe. Hapo nilifahamu kwamba katika kopo lile hapakuwa na fedha ya kijiji, wala fedha ya mwalimu. Zilikuwa fedha za mtu wa Goma nisiyemjua, aliyelala nje na watoto wake. Nami nilikuwa nimemkopa bila kumwomba.

Nikawaambia kweli. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Yule mjane alisema, “Mwalimu, ungalituambia mtoto ni mgonjwa, tungalikuchangia dawa mbali.” Neno hilo liliniuma kuliko hasira ya wengine. Niliuza kuku wangu wanne na baiskeli ya zamani, nikarudisha zote juma lile. Tangu siku ile kopo halikai kwangu. Tuna sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mzee wa kijiji, na wa pili uko kwa mjane yule.

Ndugu zangu, msiseme, “Mwalimu alikuwa na sababu.” Kila mwenye kugusa amana ana sababu. Tena msiseme, “Kitu kidogo.” Franka 15,000 ni unga wa siku kadhaa kwa familia.

VI. KUGAWA KWA HAKI

Sasa tuseme kwa utaratibu jinsi kamati ya kijiji inavyopasa kufanya, ikiwa msiba ni wetu, au ikiwa ni wa wengine nasi tunachanga.

1. Kamati iwe na wanaume na wanawake. Wanawake ndio wanaojua ni nani hana sufuria, ni nani ana mimba, na ni mtoto gani hali.

2. Kila kitu kiandikwe: siku, jina la mtoaji, kitu, kipimo. Kinapotoka kiandikwe tena, na mpokeaji atie sahihi au alama ya kidole.

3. Orodha ya watakaopewa isomwe mbele ya watu wote, chini ya mti au mbele ya kanisa. Aliyesahauliwa aseme. Anayeandikwa mara mbili aonekane.

4. Waanze walioumia zaidi: yatima, wajane, vilema, wagonjwa na wazee. Asiyeweza kutembea apelekewe. Mwenye nguvu za kusukuma wenzake katika mstari asiwe wa kwanza kwa sababu hiyo.

5. Mtu asiulizwe dini, kabila wala chama chake. Nanyi wakatekumeni msiseme, “Tuanze na wenzetu.” Msamaria mwema hakumwuliza yule mtu aliyejeruhiwa anasali wapi. Anayempa mwenye njaa chakula ili ampate awe mfuasi wake, huyo ananunua mtu. Na Mungu hataki roho zilizonunuliwa kwa unga.

6. Mtu asidai zawadi kwa kumwandika mwenzake katika orodha. Anayedai kitu kwa mwanamke au msichana ili ampe haki yake amefanya dhambi kubwa sana. Ashitakiwe kwa wakuu, asifichwe.

Mashirika ya misaada ya dunia yamepatana vipimo, nanyi ni vizuri mvijue, ili mjue kipi ni haki ya mtu. Kila mtu apate kadiri ya lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Mahali pa kulala penye paa pawe na meta za mraba tatu na nusu kwa kila mtu. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20, ijapokuwa siku za mwanzo huvumiliwa hata 50. Vipimo hivi si anasa. Ni kiasi cha mtu kuishi kama mtu.

Siku hizi pengine mashirika hutoa fedha badala ya vyakula, hata kwa njia ya simu, mahali soko lingali hai. Jambo hilo ni jema, maana mama mwenyewe ajua kama anahitaji chumvi au sabuni. Lakini fedha nayo ni amana: iliyotolewa kwa ajili ya watoto isinywewe katika pombe.

VII. KUJENGA TENA

Msaada wa kwanza huponya njaa ya leo; msaada wa pili huzuia kilio cha kesho. Kijiji kikijenga tena ukuta ule ule kwa namna ile ile, kimejijengea kaburi. Mambo machache hayahitaji utajiri mwingi. Msichague mahali pa mteremko mkali wala udongo uliojazwa. Nyumba iwe ya chini, isiwe na madirisha makubwa karibu na pembe. Matofali yapishane vizuri, hasa pembeni. Juu ya kuta uzungushwe mkanda mmoja unaozishika zote, wa zege na vyuma kwa aliye navyo, au wa mbao imara zilizofungwa vema kwa asiye navyo. Paa liwe jepesi na lifungwe, wala msipange mawe mazito juu ya mabati. Nyumba ya fito na udongo, ambayo wengine huidharau, mara nyingi huyumba bila kuanguka, ikiwa miti yake haijaliwa na mchwa.

Tena jengeni kwa zamu, kijiji kizima kwa nyumba moja, kama mlivyozoea kusaidiana shambani. Mwanzo uwe nyumba ya yule asiye na mtu.

MASWALI NA MAJIBU

1. Swali: Ni nini kinachoua watu wengi wakati wa tetemeko la ardhi?
Jibu: Ni nyumba mbovu zinazowaangukia.

2. Swali: Je, walioangukiwa ni wenye dhambi kuliko sisi?
Jibu: Hapana. Bwana wetu amekataza neno hilo aliposema juu ya mnara wa Siloamu.

3. Swali: Ni nani msaidizi wa kwanza?
Jibu: Ni jirani, kwa kuwa yeye yupo.

4. Swali: Mali iliyochangwa kwa ajili ya wenye shida ni ya nani?
Jibu: Ni ya wenye shida, tangu saa ilipotolewa.

5. Swali: Je, mwenye kuitunza aweza kuikopa akiwa na shida?
Jibu: Hawezi. Na aseme shida yake kwa ndugu zake, nao watamsaidia kwa njia nyingine.

6. Swali: Kwa nini hesabu isomwe mbele ya watu, hata kama mtunzaji ni mtu mwema?
Jibu: Ili mambo yawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu, kama Mtakatifu Paulo alivyofanya.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mmoja atazame nyumbani mwake kama kiko kitu alichopewa awapelekee wengine, nacho kingali kwake: dawa ya mgonjwa, fedha ya mchango, hata jembe la jirani. Akipeleke kabla ya Jumapili. Wanafunzi wakubwa waende kwa yule mama mzee anayekaa karibu na njia ya ziwani, ukuta wake wa nyuma umepasuka, nao wamletee fito. Tutaanza Jumamosi asubuhi, jua lisijakuwa kali. Mimi nitakuja na panga langu, na yule mjane mwenye ufunguo atapika uji.